Karakana iliyotutengenezea jongoo wa mbao

Kamati ya bustani yetu hapa Kilifi ilitaka mabango ya kueleza miti na wadudu. Karakana tuliyoiendea ikatushauri tuachane na mabango. Mbunifu wao, dada mmoja mpole, alishinda chini ya mbuyu akiangalia watoto wanagusa nini na wanapita nini bila kutazama, ndipo akashika penseli.

Ninachokisifu kuliko vyote ni jongoo. Ni pingili za mwarobaini zilizopangwa mchangani, na mtoto huruka kutoka moja hadi nyingine. Pingili nyingi zina jozi mbili za miguu, kama alivyo jongoo mwenyewe. Ya kwanza nyuma ya kichwa haina mguu, na tatu zinazofuata zina jozi moja moja. Maandishi hakuna hata neno. Watoto huhesabu, hubishana, kisha huenda kufukua majani makavu ya mvinje wamtafute jongoo wa kweli wahakikishe. Mimi ni mwalimu, na sijaona somo la sayansi likiwashika hivyo.

Kando yake kuna fremu za waya na tita la ukindu, mtoto asuke kiota kama ndege mnana. Dume ndiye msusi. Jike huja kukagua, na kiota kikikataliwa dume hukibomoa aanze upya. Basi wavulana husuka, wasichana hukagua, na kelele zinasikika hadi barabarani!

Duara la kuzungusha, linaloonyesha popo akifikia ua la mbuyu linapochanua jioni, limechorwa vizuri sana. Kosa ni bati: saa sita mchana lilikuwa linaunguza viganja. Tulipowaambia, walikuja wakaweka mpini wa mbao bila kudai shilingi. Nashukuru pia kwamba wameliweka chini kiasi cha kufikiwa na mpwa wangu, anayetumia kiti cha magurudumu. Mpwa wangu hawezi kupanda juu ya jongoo, na hilo linaniuma. Karakana imeahidi kutuchorea njia ya sakafu ngumu ya kupita ubavuni mwa jongoo ili naye ahesabu miguu kwa mkono.

Mkiwapa kazi, sisitizeni boliti zisizoshika kutu, maana upepo wa chumvi huku hauchelewi kula chuma. Na ukindu huisha upesi. Sisi tumeelewana na kina mama wasusi wa mikeka watuwekee mabaki. Lipangeni hilo kabla ya kulipa amana.