Kanojo, Okarishimasu: njia ya mwongo imefika msimu wa nne

Nilianza kuangalia anime hii, katuni ya Kijapani, saa nne usiku nikijiambia kipindi kimoja tu, nilale. Saa saba nilikuwa namalizia cha saba.

Kazuya ni mwanafunzi wa chuo, miaka 20, kapigwa kibuti na Mami baada ya mwezi mmoja tu. Kwa uchungu anaingia kwenye programu ya simu na kukodi mpenzi wa saa chache, kazi ambayo Japani ipo kweli. Anakuja Chizuru: mrembo, msikivu, anashika mkono, anacheka hata utani usiochekesha. Jamaa akirudi nyumbani anasoma maoni ya wateja wengine, anagundua tabasamu lile lile wamepewa wote. Anampa nyota moja. Halafu, sikia hii, anamkodi tena ili amfokee! Hapo ndipo nilipoipenda, maana Chizuru hakunyamaza. Tabasamu la kazini lilimtoka, akamchana pale pale.

Hawajamaliza ugomvi, simu inaingia: bibi yake Kazuya kalazwa. Wanakimbilia hospitali wote wawili, bibi anamwona binti, basi, furaha haina mfano. Na bibi yake Chizuru naye yuko hospitali hiyo hiyo. Anayejua mabibi wanavyompokea mchumba wa mjukuu ataelewa kwa nini hakuna aliyethubutu kusema ukweli. Ukiondoa mabibi hawa wawili, hadithi inakwisha kipindi cha pili.

Sora Amamiya, anayemwigiza Chizuru kwa sauti, ana sauti mbili: ya mteja na ya nyumbani. Kijapani sikijui, lakini nilizitofautisha bila kusoma maandishi ya chini.

Sasa kero. Kazuya! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilianza 2020, na 2025 tukapata msimu wa nne. Kila ukweli ukimfika mdomoni anaumeza, kisha anajilaumu kipindi kizima. Ruka, binti mwingine anayempenda Kazuya, ambaye moyo wake hupiga polepole, ndiye pekee anayesema anachotaka bila kuzunguka, na bado anaachwa kwenye mataa. Mimi niko upande wake. Sumi naye ni mpenzi wa kukodi ambaye ana aibu hata ya kuongea. Siku anayofanya mazoezi ya kazi hiyo na Kazuya karibu hasemi neno, na sijachoka kuirudia.

Usiiangalie sebuleni wazee wakiwepo. Mawazo ya Kazuya yatakuaibisha.

Msimu wa tatu umetulia zaidi. Wanachangisha pesa watengeneze filamu ili bibi yake Chizuru amwone mjukuu wake akiigiza kabla hajafumba macho. Nililia, sifichi.

Nyota tatu na nusu. Ya nne ilikuwa mkononi kabisa, Kazuya akafungua mdomo.