Altezza yangu: kutoka 1JZ kwenda 1UZ, na betri kwenye buti

Wakuu, nimeitoa injini ya 1JZ kwenye hii Toyota Altezza na kuifunga V8 ya 1UZ, lakini kati ya kazi zote nilizolipia, iliyorudisha thamani ya fedha yangu kuliko zote ni kuhamishia betri nyuma. V8 ndiyo watu wanaomba boneti lifunguliwe waipige picha. Betri hakuna anayeiulizia.

Gari ni AS200, bodi ya GXE10. Kiwandani lilitoka na 1G-FE, silinda sita za mstari, lita 2.0. Mimi nililinunua tayari limefungwa 1JZ-GTE yenye turbo. Altezza ilipotoka mwaka 1998 sifa yake kubwa haikuwa nguvu, ilikuwa ni sedani ndogo inayosukumwa na matairi ya nyuma na inayokata kona kwa raha. Ukiifunga 1JZ mbio unazipata, lakini pua inalemewa. Bloku ya 1JZ ni chuma tupu, ni ndefu, silinda zake za mbele zinakaribiana na redieta, halafu juu ya hapo kuna turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake. Barabara ikinyooka hutalalamika. Ukifika kwenye kona za Mombo kupanda Lushoto ndipo utajua: unakata usukani, gari linasita, kisha pua inakwenda nje. Ukilazimisha kwa mafuta, matairi ya nyuma yanaserereka kwa kuwa hayana mzigo wa kuyakandamiza chini.

Kabla ya kugusa kitu chochote tulilipeleka kwenye mizani ya malori. Unapandisha matairi ya mbele tu, unasoma. Unasogea mpaka yabaki ya nyuma peke yake, unasoma tena. Mizani ile inahesabu kwa hatua za kilo 20, kwa hiyo si ya kupimia dhahabu, ila picha unaipata. Mbele kilo 800, nyuma 620. Asilimia 56 ya gari ilikuwa imekaa mbele.

Hesabu ya kuhamisha uzito ni rahisi, na ningependa kila mtu aifanye kabla ya kumpa fundi hela. Chukua uzito wa kitu, zidisha kwa umbali unaokisogeza, gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili, ambao kwa Altezza ni mita 2.67. Betri ya kilo 15 ikirudi nyuma mita 2.7, kilo zote 15 zinatoka ekseli ya mbele na kwenda ya nyuma. Sasa chukua injini ya kilo 200 uirudishe nyuma sentimita 10, kazi ambayo itakulazimu kukata na kuchomelea bodi: unahamisha kilo saba na nusu tu. Betri inaipiga injini mara mbili, na gharama yake kwangu haikufika bei ya matairi manne.

Kuna jambo moja la kuangalia. Ukiitupa betri mwisho kabisa wa buti mizani itafurahi, lakini uzito ulio nchani unafanya gari lichelewe kuanza kugeuka, na likishaanza lichelewe kuacha. Yangu imekaa karibu na mgongo wa siti ya nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu dereva wetu anakaa kulia na yeye pia ni mzigo.

Kwa nini 1UZ-FE? Ni V8 ya lita 4.0 iliyoanza na Lexus LS400 mwaka 1989, na bloku yake ni alumini. Kikubwa zaidi ni fupi: urefu wake ni wa silinda nne kila upande, kwa hiyo inajikusanya kuelekea kwa dereva, tofauti na sita za mstari zilizojipanga hadi kwenye redieta. Turbo hakuna, intakula hakuna. Fundi mmoja alinishawishi: "Kaka, chukua 2UZ, ile ina mvuto." Mvuto upo kweli, ni lita 4.7 ya Land Cruiser 100, ila bloku yake ni ya chuma. Ningekuwa nimerudi nilikotoka.

Ufungaji wenyewe una maumivu yake. Kwa gari la usukani wa kulia, manifoldi ya ekzozi (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini) inapita jirani sana na shafti ya stering, hivyo ilibidi manifoldi itengenezwe upya na shafti ikingwe joto. Gia boksi ya otomatiki iliyokuja na injini ni pana, njia yake chini ya sakafu ikapanuliwa kwa nyundo. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi nyuma, ikakatwa.

Hapo kwenye propela ndipo gereji iliponiudhi. Walichomelea wakanikabidhi gari bila kuipeleka ikapimwe balansi, na pembe ya gia boksi haikulingana na ya difu (gia za ekseli ya nyuma). Ukivuka kilomita 80 kwa saa gari zima linatetemeka. Nilipeleka propela kwa mtu mwenye mashine, maunti ya gia boksi ikawekewa shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha kimo), mtetemo ukaisha. Waya mnene wa betri nao waliupitisha hadi mbele bila fyuzi. Waya huo ukichubuka popote na kugusa bodi, gari linawaka moto. Fyuzi inakaa pale pale kwenye betri, si karibu na injini. Na betri iwe ya kuzibwa, kwa sababu ya maji ya kawaida inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na buti la sedani halina pa kuitolea.

Tulirudi kwenye mizani ile ile: mbele 740, nyuma 660. Asilimia 53 kwa 47. Sijafikia nusu kwa nusu na sina haja. Nissan waliiacha 350Z kwenye 53 kwa 47 kwa makusudi, maana ukikanyaga mafuta kutoka kwenye kona uzito unarudi nyuma wenyewe. Hicho ndicho ninachokisikia sasa. Pua inafuata usukani mara moja, na naweza kuanza kukanyaga mapema bila matairi kuserereka. Springi za mbele zilizofungwa kwa ajili ya 1JZ zikawa ngumu kupita kiasi, pua ikanyanyuka. Nimezibadilisha na kupanga alaimenti upya.

Mafuta linakunywa, hasa kwenye foleni za Dar, msidanganywe. Kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake, kwa hiyo kuna safari ya TRA na ya bima kabla hujaanza kutamba. Gereji naipa tatu kwa tano: uchomeleaji wao ni safi, wayaringi wao siwezi kumshauri mtu. Na kama Altezza yako bado ina injini yake ya asili, anza na betri pekee, kisha endesha kwanza.