G'MIC ndani ya GIMP: filta moja inayotosha kugeuza picha kuwa mchoro wa rangi

G'MIC ni programu-jalizi ya bure ya GIMP, programu ya kuhariri picha. Ilianza mwaka 2008 katika maabara ya GREYC, mjini Caen, Ufaransa. Ina filta zaidi ya 500. Kwa anayetaka picha ya kamera ifanane na mchoro wa rangi za mafuta, nyingi kati ya hizo ni za kuchezea tu. Ya kazi ni Brushify, iliyo kwenye kundi la Artistic.

GIMP haiji na G'MIC. Pakua kutoka gmic.eu, na uangalie toleo: iliyotengenezwa kwa GIMP 2.10 haifanyi kazi ndani ya GIMP 3. Ukishaisakinisha na usiione kwenye menyu ya Filters, anza kukagua hapo.

Kwa nini usitumie tu Oilify ambayo tayari imo ndani ya GIMP? Kwa sababu Oilify hutazama pikseli zinazozunguka kila nukta na kuchukua rangi inayojirudia zaidi. Unapata mabaka yasiyo na mwelekeo. Mchoraji hafanyi hivyo. Brashi yake huzunguka na shavu, hushuka na mkunjo wa kanzu. Brushify hukadiria kwanza mwelekeo wa maumbo yaliyo kwenye picha, ndipo inapiga brashi kuufuata. Oil Paint ya Photoshop nayo hufuata mwelekeo, ila ukiikoleza kidogo tu picha nzima inakuwa kama nywele zilizochanwa, na Photoshop unailipia kila mwezi. Programu za akili mnemba ndizo usizipe kabisa picha ya bibi wa mtu: zinambunia pua mpya.

Ubora wa kazi huamuliwa kabla ya filta. Kuchapisha A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kunahitaji pikseli 2480 kwa 3508, na picha iweke kwenye saizi hiyo mapema, maana ukubwa wa brashi hupimwa kwa pikseli: pigo la 40 ni pana kwenye picha ya pikseli 1000, lakini kwenye ya 4000 ni jembamba. Mteja akutumie picha kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida ya WhatsApp. Mbano wa JPEG hugawa picha kwenye vijiraba vya pikseli 8 kwa 8, na ukizidi, filta huona kingo za vijiraba hivyo kama maumbo halisi. Anga inatoka na mirabaraba. Chembechembe za picha za usiku zipunguze kwa filta ya GIMP iitwayo Noise Reduction, nguvu 3 au 4.

Ngozi nyeusi kivulini ina shida yake. Tofauti za mwanga ni ndogo mno, kwa hiyo filta haioni mwelekeo wowote na mapigo yanakwenda ovyo usoni. Inua vivuli kidogo kwa Curves, zana ya GIMP ya kurekebisha mwanga, kwanza, kisha rangi irudishe mwishoni. Light Strength, nguvu ya mwanga ndani ya Brushify, nayo iache chini. Ikizidi, uso unang'aa kama umepakwa mafuta ya kupikia.

Sasa kazi yenyewe. Ndani ya G'MIC chagua matokeo yatoke kama tabaka jipya (layer), ili picha asili ibaki chini. Endesha Brushify mara mbili, zote juu ya picha asili: ya kwanza Maximal Size (ukubwa wa juu wa brashi) 14 hadi 18, ya pili 60 hadi 70. Tabaka la mapigo mapana likae juu. Liongezee maski nyeupe, yaani kifuniko kinachoficha tabaka pale unapopaka nyeusi, chukua brashi laini nyeusi yenye opasiti (ukolezo) 60 hivi, upake juu ya uso na mikono mpaka mapigo madogo yajitokeze. Macho na midomo huhitaji zaidi: fanya vivyo hivyo kwenye tabaka la mapigo madogo, kwa opasiti 30, ili picha asili ichungulie. Hapa ndipo wengi hukwama. Wanapiga filta moja kwa nguvu ile ile kuanzia ukuta hadi kope, halafu wanashangaa kwa nini inaonekana ya kompyuta.

Udhaifu wake upo. Dirisha la onyesho hudanganya ukiwa umepunguza picha. Tazama kwa asilimia 100, uso ukiwa katikati. Pia hufanya kazi kwa prosesa peke yake, na kompyuta ya RAM ya GB 4 itakuweka. Kata kipande cha uso, jaribu vipimo hapo, ndipo uende kwenye picha nzima.

Filta ya Apply Canvas, inayochora nyuzi za turubai juu ya picha, itumie kwa karatasi pekee. Kama picha inachapishwa kwenye turubai, iache: nyuzi za kuchorwa zikikutana na nyuzi za kweli hutokea mawimbi ambayo hakuna mashine ya kuyaondoa tena.