Uzoefu wangu: gari limeitwa Japani likarekebishwe, mimi niko Dar

Nianze na maksi kwa wasio na muda. Gari lenyewe linapata nne kati ya tano. Huduma ya kubadilishiwa mfuko wa hewa (airbag) wenye kasoro naipa sifuri, na sifuri hiyo sikuitoa kwa hasira ya siku moja.

Ni kigari cha Kijapani cha mwaka 2005, injini ya cc 1300, mtumba kama yalivyo magari mengi hapa mjini. Nililinunua yadi likiwa limeshatolewa bandarini na kusajiliwa. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, maana nimeongea na wenye magari ya kampuni nyingine na hadithi ni ile ile. Mafuta linanusa tu, spea zimejaa Ilala na Gerezani, na AC inapiga hata kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana. Kwa mizunguko ya mjini sina kinyongo nalo.

Kilichonishtua ni habari za Ufaransa za Juni 2025. Mwanamke mmoja alifariki huko Reims baada ya mfuko wa hewa wa Citroën C3 kupasuka vibaya kwenye ajali, serikali ikaagiza C3 na DS3 zinazohusika zisiendeshwe mpaka zibadilishwe mifuko. Vifaa vilikuwa vya Takata, kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikiwauzia mifuko ya hewa watengenezaji wengi wakubwa wa magari duniani. Nikajiuliza, na langu je?

Kujua tu ni kazi. Tovuti ya serikali ya Marekani ya kuangalia magari yaliyoitwa yakarekebishwe inataka namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba hiyo. Yana namba fupi ya chasisi, yaani alama za modeli, kistari, kisha tarakimu. Ukiiingiza kule inakataliwa, na mtu anaweza kuweka simu mfukoni akidhani gari lake halimo kwenye orodha. Pa kuangalia ni tovuti ya Japani ya kampuni iliyotengeneza gari, ambayo ni Kijapani kuanzia juu mpaka chini. Nikanakili namba kutoka kwenye kadi ya gari, simu ikanitafsiria. Jibu lilikuwa la mistari michache: kopo la gesi la mfuko wa hewa wa abiria wa mbele libadilishwe, kazi haijafanyika.

Kwa ambao hawajafuatilia, mfuko wa hewa haujazwi na pampu. Ndani ya dashibodi kuna kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge vinaungua na gesi yake inajaza mfuko kabla hujapepesa macho. Takata walitumia nitrati ya amonia, ile ile iliyolipuka bandarini Beirut mwaka 2020. Ni ya bei nafuu, lakini haipatani na unyevu. Miaka ikipita kwenye joto la kupanda na kushuka, unyevu ukijipenyeza, vidonge vinachakaa, na siku vikihitajika vinaungua kwa kasi kupita kiasi. Kopo linapasuka. Vipande vya chuma vinatoboa kitambaa na kumfuata aliyekaa mbele yake. Orlando, mwaka 2014, majeraha ya shingoni ya dereva mmoja yaliwafanya polisi waanze kuchunguza kama alichomwa kisu. Na ajali yenyewe si lazima iwe kubwa. Watu wamekufa kwenye migongano ambayo wangetoka nayo wakigombania nani alipe taa.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Mwaka huo wa 2014, tatizo likiwa limeshajulikana, kampuni kadhaa ziliita yakarekebishwe magari ya sehemu chache tu za Marekani: Florida, Hawaii, Puerto Rico na Visiwa vya Virgin. Hoja yao ilikuwa kwamba joto na unyevu ndivyo vinavyoharibu makopo. Baadaye wigo ulipanuliwa, na mwaka 2015 Takata wakakubali kwamba magari yapata milioni 34 nchini humo yana vifaa vyao vyenye kasoro, lakini bado spea zilianza kupelekwa kwenye majimbo ya joto na unyevu. Haya, hoja naikubali. Basi ichukueni hoja hiyo hiyo muilete Dar mwezi wa nne, mvua za masika, nguo zinaota ukungu kabatini. Ipelekeni Tanga, Unguja, Mombasa. Kama kipimo ni unyevu, sisi tulitakiwa tuwe mbele ya foleni. Ramani yao ya hatari iliishia pale pale ilipoishia mikataba yao ya mauzo.

Nilikwenda kwa wakala rasmi na karatasi yangu niliyoichapisha. Dada wa mapokezi alikuwa mkarimu, hilo sitamnyima. Nilipewa kahawa na kiti chenye kiyoyozi. Akaja meneja wa huduma.

"Kaka, hili gari hatukuliuza sisi. Ni la soko la Japani, kwenye mfumo wetu halipo."

Nikamuuliza kama lile kopo linajua liliuzwa na nani. Akacheka, akasema ananielewa kabisa, akanishauri niwaandikie makao makuu. Makao makuu wakajibu kwa adabu zote: tafadhali wasiliana na wakala aliye karibu nawe. Nikarudi na barua pepe hiyo mkononi. Safari hii lugha ilibadilika kidogo: spea inaweza kuagizwa, ila kwa gharama yangu, ufundi juu yangu, tarehe ya kufika hawawezi kuahidi. Kazi ambayo mwenye gari wa kwanza, kule Japani, angefanyiwa bila kutoa hata yeni moja.

Muuzaji wa yadi hakunizungusha. "Bro, taa ya mfuko wa hewa inawaka kwenye dashibodi?" Haiwaki. "Basi nzima hiyo." Jibu hili nimelisikia kwa watu wengi, na ni la hatari kuliko yote. Taa ile inakagua umeme, kama nyaya zimeshikana na saketi imekamilika. Haiingii ndani ya kopo kutazama hali ya vidonge. Mfuko uliochakaa na mfuko mzima vinaonekana sawa mbele ya kompyuta ya gari.

Fundi wangu naye alikuwa na mawazo mawili. La kwanza, tununue mfuko uliotolewa kwenye dashibodi zinazokatwa Japani. Gari la modeli ile ile, umri ule ule, kwa hiyo kopo lile lile, nikakataa. La pili, achomoe waya kisha aweke kipingamizi kidogo cha umeme ili kompyuta idanganyike na taa isiwake. Hilo nalo nikakataa, kwa sababu atakayelinunua kesho atadhani ana mfuko wakati hana. Najua wapo waliofanyiwa hivyo na hawajui.

Kuwadai Takata haiwezekani. Walikiri udanganyifu mahakamani Marekani mwaka 2017 na mwaka huo huo wakafilisika. Lakini kinachoniuma zaidi ni sheria ya Japani yenyewe. Tangu Mei 2018, gari lenye mfuko wa Takata wa kundi la hatari ambao haujabadilishwa linanyimwa ukaguzi, na bila ukaguzi huo haliruhusiwi barabarani kule. Mwenye nalo ana njia mbili: alipeleke likabadilishwe bure, au aliachie mnada. Mnada una wateja, na wateja ndio sisi.

Wala msiniambie nchi ya mitumba haina la kufanya. New Zealand wananunua magari yaliyotumika Japani kwa wingi kama sisi, na mwaka 2018 serikali yao iliamuru mifuko ya Takata ya aina ya Alpha, ambayo ndiyo hatari kuliko zote, ibadilishwe, yakiwemo magari yaliyoingia nchini yakiwa mitumba. Hakuna aliyewauliza wenye magari kama walinunua kwa wakala au kwa mjomba.

Kwa sasa kiti cha mbele kushoto hakikaliwi. Si ubunifu wangu: mwaka 2014 Toyota, spea zilipokuwa haba, waliwaambia mawakala wao Marekani wauzime mfuko wa abiria na kubandika maandishi ya kumkataza mtu kukaa pale. Mimi sina kibandiko, nina mdomo tu. Mama watoto anakaa nyuma, na trafiki wa Tazara alishatusimamisha akitaka kujua kama nafanya teksi ya mtandaoni bila kibali. Mama akamjibu kwamba angekuwa abiria wa kulipia angechagua gari lenye nafasi ya miguu.

Nimeamua kuliuza, na kila anayekuja namwonyesha ile karatasi kabla hajaingia ndani. Wa mwisho alikuwa kijana wa Mbagala. Aliisoma yote, akanirudishia, akauliza kama gia boksi imewahi kufunguliwa na kama AC inapiga. Akalizungusha mtaani, akarudi ameridhika. Tulishindwana kwa laki tatu, na hakuitaja karatasi hata kama sababu ya kushusha bei.