Fluke 1507: mega nzuri kwa mota za volti 400, lakini usiipeleke kwenye kV 11

Mota ikiangusha breka, lazima ujue kwanza kama waindi (koili za waya ndani ya mota) imegusa bodi. Multimita haitakuambia, kwa sababu inapima kwa volti chache za betri, na insulesheni (utando unaokinga waya) iliyochoka huonyesha udhaifu wake ikisukumwa kwa mamia ya volti. Mega ni kipima insulesheni, na hii ya Fluke 1507 inatoa volti 50, 100, 250, 500 au 1000 za DC, na inasoma kuanzia megaohm 0.01 hadi gigaohm 10. Betri ni nne za AA, zinazopatikana duka lolote.

Kitu bora kwenye kifaa hiki ni ulinzi wake. Kikikuta zaidi ya volti 30 kwenye saketi, kinakataa kupima na kutoa onyo. Hata hivyo, onyo hilo si uthibitisho kwamba umeme umekatika. Zima, funga aisoleta (swichi ya kukatia umeme) kwa kufuli yako, weka lebo, kisha pima fezi kwa fezi na kila fezi kwa ethi. Kipimo unachotumia kijaribu kwanza mahali penye umeme, kisha kijaribu tena ukimaliza. Kwenye VFD (kifaa cha kielektroniki kinachobadilisha kasi ya mota), subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, halafu pima DC basi (sehemu yake ya ndani inayobaki na chaji) kabla ya kugusa chochote.

Hasara kubwa huanzia hapo kwenye VFD. Ukipiga mega huku kebo ya mota bado imefungwa kwenye VFD au softstata (kifaa cha kuwashia mota polepole), volti 500 zinaingia kwenye semikondakta zake na unaweza kuiua VFD nzima huku mota ikiwa salama. Fungua nyaya za U, V na W kwenye boksi la mota, upime mota peke yake na kebo peke yake. Ondoa vibati vya star au delta (vinavyounganisha waindi tatu) ili kila waindi ipimwe huku nyingine mbili zikiwa zimeungwa kwenye ethi. Nyaya za thamista (vihisi joto ndani ya mota) nazo ziunge pamoja na uzipeleke ethi. Volti 500 zisipite kamwe kati ya ncha zake mbili.

Kwa mota ya volti 400, chagua volti 500 na usome baada ya dakika 1. Mwongozo wa IEEE 43 (wa kupima insulesheni ya mota) unataka angalau megaohm 5 kwenye nyuzi joto 40 kwa mota hizi. Joto halipuuzwi: kila nyuzi 10 zikiongezeka, usomaji hupungua takriban nusu, kwa hiyo megaohm 40 kwenye nyuzi 20 ni kama megaohm 10 tu kwenye nyuzi 40. Mota iliyolala stoo msimu wa mvua, hasa pwani, ikisoma megaohm 2, usikimbilie kuisuka upya. Ikaushe kwa hita, upime tena.

Kinachoitofautisha 1507 na ndugu yake 1503 ni volti ndogo za kupimia na hesabu ya PI, yaani usomaji wa dakika 10 ukigawanywa kwa ule wa dakika 1. Kifaa kinahesabu chenyewe. PI ikikaribia 1, shuku unyevu au uchafu. Kwa insulesheni ya daraja F (daraja la kuhimili joto) tunataka 2 au zaidi. Lakini kama dakika ya kwanza tayari imepita gigaohm 5, PI haina maana tena, usiitumie kuikataa mota. Baada ya kipimo kirefu, acha nyaya mahali pake mpaka volti ishuke hadi sifuri, na kwa waindi kubwa ziunge kwenye ethi kwa muda mara nne ya ule wa kupima.

Upungufu wake ni dhahiri. Haina terminali ya guard (inayotenga umeme unaovuja juu juu usihesabiwe), hivyo uvujaji wa juu ya boksi lenye vumbi unaingia kwenye jibu. Futa terminali zikauke kabla ya kupima. Na mota za kV 11 (volti 11,000) zinahitaji volti 2500 hadi 5000. Kwa karakana yenye mota za volti 400 na kebo zake, nunua 1507. Mwenye kV 11 atafute mega nyingine.