Tathmini ya mkandarasi aliyekarabati nyumba ya wazazi wetu, Forest ya Zamani, Mbeya

Kampuni ndogo ya ujenzi iliyokarabati nyumba ya wazazi wetu jijini Mbeya naipa alama za juu kwa jambo ambalo wengi hawalitazami wanapotafuta fundi: mkuu wake alikataa kutaja bei ya paa kabla hajapanda darini. Jina silitaji, kwa kuwa anayeishi Iyunga au Mafinga atakutana na kampuni nyingine, na ninachotaka kukieleza ni namna tulivyompima. Mafundi wengine tuliowaita waliizunguka nyumba, wakatazama juu, wakataja jumla ya kazi yote wakiwa bado uani. Mmoja aliishusha papo hapo alipoona tumesita. Huyu alimwambia mama, "Mama, kenchi siwezi kuziwekea bei nikiwa nimesimama chini," akimaanisha fremu za mbao zinazobeba paa, akaomba ngazi na tochi. Huko juu alikuta papi, yaani mbao nyembamba za kupigilia bati, za mlingoti upande wa jikoni zimeliwa na mchwa, ilhali kenchi za upande wa sebule zilikuwa nzima kabisa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mbao ambazo wenzake walitaka tununue haikuhitajika.

Makadirio yake yalikuja kwa maandishi, kila kazi ikisimama peke yake: kuezua na kupaua upya upande wa jikoni, kupiga lipu, bomba za bafuni, umeme. Vifaa vilitenganishwa na gharama ya ufundi, na bati liliandikwa kwa geji, yaani kipimo cha unene wake, jambo ambalo wenzake waliliruka. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na bei zake hazilingani. Karatasi inayosema "bati" bila geji wala vipimo haijakupa bei bado. Mwishoni palikuwa na sehemu ya mambo yatakayojulikana baada ya kubomoa, ambayo hayakuwekewa bei yoyote, bali sharti kwamba kazi hizo zisianze mpaka tukubaliane kwa saini. Katika ukarabati hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, kwa sababu nyumba ya zamani haiwezi kusomwa yote kutoka nje.

Mfano ni kuta zenyewe. Nyumba nyingi za zamani za Mbeya zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na saruji huonekana kwenye lipu tu. Fundi aliyezoea kuta za tofali za saruji hufika na tindo na nyundo, akachimba mfereji mrefu wa bomba au wa nyaya, na ukuta ukalegea matofali yakianza kucheza. Huyu alibandua lipu kidogo nyuma ya mlango, akachokoa kiungio kwa msumari, na udongo ulipomwagika akashauri bomba zipite juu ya ukuta, zishikwe kwa vibanio. Hazipendezi sana, na dada yangu bado ananung'unika kila akiingia bafuni, lakini ukuta umesimama vilevile ulivyokuwa.

Kuhusu usajili, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1997, huwapanga makandarasi wa majengo kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, la saba likiwa la chini. Tuliomba cheti tukakioanisha na orodha ya Bodi. Kwa umeme tulitaka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya yule atakayeshika nyaya mwenyewe, si ya bosi wake. Nyaraka hizi zinakuonyesha mtu wa kumshtaki, lakini hazikuhakikishii kwamba ukuta utafuata timazi, ndiyo maana tuliomba kuona kazi yake iliyokwisha kunyeshewa. Alitupeleka Uyole kwenye nyumba aliyoiezeka kabla ya msimu uliopita wa mvua, akatuacha tuzungumze na mwenye nyumba peke yetu. Picha za simu kila fundi anazo, tena nyingine si za kazi yake.

Malipo yaligawanywa kwa hatua, na ya mwanzo yalitosha vifaa vya hatua ya kwanza tu. Saruji na bati tulinunua wenyewe Mwanjelwa kwa risiti ya EFD (mashine ya kodi), mbao akazitafuta yeye. Hapo alituridhisha tena: sehemu ya mzigo wa msonobari ilipofika ikiwa mbichi, aliirudisha kabla hatujaambiwa, kwa maelezo kwamba mbao ya namna hiyo ikikaukia juu ya kenchi hupinda na kuvuta misumari ya bati. Asilimia kumi ya gharama za ufundi ilizuiwa mpaka paa lionje mvua za kwanza za Novemba.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa, kwa kuwa katikati ya ukarabati baadhi ya mafundi walihamishiwa kwenye jengo lingine, na taarifa tuliipata kwa saidia fundi aliyebaki badala ya mkuu wao. Kazi ya rangi alipewa mtu wa nje, naye akapaka lipu ikiwa bado na unyevu. Kwa baridi ya Mbeya ya Julai lipu hukauka polepole mno, na rangi ikavimba sebuleni. Walikwangua na kurudia bila kudai ufundi, lakini ndoo za rangi za mara ya pili tulizilipia sisi, na hilo halikuwa haki. Bafuni maji yalituama kwenye kona moja hadi walipobandua vigae na kurekebisha mteremko. Nina hakika fedha iliyozuiwa ndiyo iliyowarudisha upesi.

Bei yake haikuwa ya chini kuliko zote tulizopewa. Mvua zimepiga na dari la jikoni ni kavu. Anayetaka kuanza Oktoba na kuhamia kabla ya Krismasi, kampuni hii haitamfaa. Kwa paa na kuta za nyumba ya zamani ningewaita tena bila kusita; rangi ningempa fundi mwingine, kwa mkataba wake.