Uzoefu wangu na DVD ya The Nat King Cole Show: nimemkuta Herb Ellis

Diski hii ya kipindi cha zamani cha runinga niliinunua kwa mtumba, kwa ajili ya sauti ya mwimbaji wa Marekani Nat King Cole. Siku hizi naiwasha kwa ajili ya mpiga gitaa.

Ni kile kipindi cha Oktoba 1957, Cole alipowakaribisha wanamuziki wa Jazz at the Philharmonic, msafara wa maonyesho ya jazi wa promota Norman Granz: Coleman Hawkins, Stan Getz, Roy Eldridge, mpiga piano Oscar Peterson na wenzao. Macho yangu yalikuwa kwa wapiga saksafoni. Mara nikaona gitaa lenye pembe iliyochongoka kama ncha ya kisu. Nikasimamisha picha. Gibson ES-175, gitaa la umeme la watu wa jazi! Diski ilikuja kwenye mfuko mtupu, haina kasha wala orodha ya majina, kwa hiyo gitaa ndilo lililonitajia mpigaji wake: Herb Ellis, Mzungu wa Texas, aliyekuwa na Peterson tangu 1953.

Mimi ni mpiga gitaa la rithim kwenye bendi ya dansi, na sikio langu hukimbilia mkono wa kulia wa mtu. Peterson, Ellis na Ray Brown wa besi walizoea kupiga watatu bila dramu, na Ellis alikuwa akiligonga gitaa hadi unadhani kuna mpiga ngoma za bongo pembeni. Hapa dramu zipo, anazo Jo Jones, basi Ellis anatulia. Anapiga kodi za gitaa (nyuzi kadhaa kwa mpigo mmoja) fupi fupi, kila moja anaizima kabla haijamaliza kulia, na wote wanatembea juu yake. Nimerudia kipande hicho usiku mzima, hedifoni masikioni.

Picha ni nyeusi na nyeupe, ina ukungu kidogo. Hilo siyo kosa la diski: zamani vipindi vya moja kwa moja vilihifadhiwa kwa kuweka kamera ya filamu mbele ya kioo cha runinga. Kosa ni mkwaruzo. Muuzaji aliniapia kwamba haina hata alama, lakini kipindi kimoja kinakwama katikati. Nimemwandikia mara mbili, kimya.

Hata hivyo sijutii. Cole alikuwa mtu mweusi mwenye kipindi chake kwenye runinga ya Marekani ya NBC kuanzia Novemba 1956, na hadi kinafungwa Desemba 1957 hakikupata mdhamini wa nchi nzima. Wageni wengi walikuja kwa malipo madogo ili kimfae. Mwaka mmoja na nusu kabla ya usiku huu alivamiwa jukwaani Birmingham, Alabama, na wabaguzi. Ukijua hayo, kumwona Ellis, Mzungu, ameketi na Peterson na Brown, watu weusi, kazi inaenda, kunakugusa kwingine kabisa.

Kijana wetu wa solo ameshaniomba kuiazima. Nimemwambia aje aitazamie kwangu, aje na gitaa.